Cheti cha Mwalimu Kizimbani

Desemba 1940 mwalimu wa shule ya Jackson Junior High mjini Louisville, Vallateen Dudley Abbington, aliipeleka mahakamani bodi ya elimu iliyomwajiri. Dai lake lilikuwa fupi. Jimbo la Kentucky lilimtaka kila mwalimu awe na cheti, na cheti hicho hakikuwa na rangi. Bodi ya Louisville ndiyo iliyokuwa na viwango viwili vya mishahara, na mwalimu Mweusi alipokea asilimia 15 pungufu ya mwenzake Mzungu.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Mwaka 1948 tume ya Holmes, iliyotumwa na Uingereza kuangalia utumishi wa serikali katika makoloni yake ya huku, ilishikilia kwamba Mwafrika alipwe tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu hata wakiwa na sifa sawa. Hesabu hiyo ilidumu hadi tume ya Lidbury ilipoikataa mwaka 1954. Louisville walitumia asilimia, kwetu walitumia sehemu, lakini maana yake kwa mtu anayekwenda dukani mwisho wa mwezi ni moja.

Kumpata mdai haikuwa kazi rahisi. Walimu wengi wa Marekani wakati ule waliajiriwa kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na bodi isiyompenda mwalimu haikuhitaji kumfukuza. Ilinyamaza tu mkataba ulipokwisha. Walimu Weusi walikuwa wameliona hilo mjini Norfolk, Virginia. Aline Black, mwalimu wa kemia, alifungua kesi ya mshahara mwaka 1939, na mwaka ule ule mkataba wake haukuhuishwa. Kesi ikabaki bila mwenyewe, ikabidi mwalimu mwingine, Melvin Alston, aichukue. Mwaka 1940 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilimpa ushindi. Ilisema kwamba jimbo linalotoa cheti kwa masharti yale yale haliwezi kugeuka na kuwalipa waliotimiza masharti hayo kwa kufuata rangi. Miezi michache baadaye, kesi ya Louisville ikafunguliwa. Miongoni mwa mawakili alikuwepo Thurgood Marshall wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, aliyekuja kuwa jaji wa kwanza Mweusi wa Mahakama ya Juu ya Marekani.

Aliyepanga mambo upande wa walimu ni Lyman T. Johnson, mwalimu wa historia wa Central High School. Alizaliwa Tennessee mwaka 1906, mjukuu wa watu waliozaliwa utumwani, akaanza kufundisha Louisville mwaka 1933. Ndiye aliyeongoza chama cha walimu wa shule za Weusi mjini humo katika kampeni ya mishahara. Mwaka 1941 bodi ilikubali kusawazisha mishahara, na kesi ikaishia hapo bila hukumu. Wapo wanaoona ushindi wa namna hiyo ni nusu ushindi. Mimi naona kinyume. Bodi ilijua kwamba mbele ya jaji haikuwa na neno la kusema, kwa sababu ushahidi dhidi yake ulikuwa ni karatasi zilizotolewa na jimbo lenyewe.

Johnson hakuishia kwenye mishahara. Tangu 1904 Kentucky ilikuwa na sheria, maarufu kama Day Law, iliyokataza Weusi na Wazungu kusoma pamoja, hata katika vyuo binafsi. Mwalimu Mweusi aliyetaka shahada ya juu ilimbidi atoke nje ya jimbo. Johnson mwenyewe alikuwa ameipata shahada yake ya uzamili Chuo Kikuu cha Michigan. Mwaka 1948 akaishtaki University of Kentucky, na mwaka 1949 jaji wa shirikisho akaamuru mlango ufunguliwe kwa masomo ya juu. Majira yale ya joto wanafunzi Weusi wapatao 30 waliingia. Hili linahusu leseni moja kwa moja: ukimfungia mtu chuo, halafu ukampima kwa vyeti vya chuo, umeshaamua matokeo kabla ya mtihani.

Ndivyo ilivyotokea mwaka 1956. Septemba mwaka huo Louisville iliunganisha shule zake kwa utulivu uliosifiwa nchi nzima, na mkuu wa elimu wa mji, Omer Carmichael, akapokewa Ikulu na Rais Eisenhower. Watoto waliunganishwa. Walimu hawakuunganishwa. Carmichael alieleza hadharani kwamba kwa wastani walimu Weusi hawakufikia kiwango cha wenzao Wazungu, na walimu waliokuwa na vyeti vilevile vya jimbo wakayasoma maneno hayo gazetini. Ilichukua hadi 1959 ndipo walimu Weusi wa kwanza wakapelekwa kufundisha katika shule zilizochanganyika. Kwa miaka 3 mji uliosifiwa kwa kuunganisha shule ulikuwa na watoto Weusi waliokaa darasa moja na Wazungu, huku mwalimu aliyewafundisha kusoma amebaki shule ya zamani.

*

Cheti chenyewe kina umri mrefu kuliko migogoro hii. Ohio ilipitisha sheria mwaka 1825 iliyowapa wakaguzi wa kaunti kazi ya kuwatahini wanaotaka kufundisha. New York ilimpa msimamizi wake wa shule mamlaka ya kutoa cheti cha jimbo zima mwaka 1843. Katika zama hizo mtahini alikuwa mtu wa hapohapo kijijini, pengine mchungaji au mwanasheria, naye alipima mambo mawili: kusoma, kuandika na hesabu kwa upande mmoja, na mwenendo mwema kwa upande wa pili. Cha kwanza kingeweza kupimwa kwa maswali. Cha pili kilimaanisha chochote ambacho wakubwa wa mahali walikitaka. Mwalimu wa kike aliyeolewa alipoteza kazi katika miji mingi sana ya Marekani hadi wakati wa Vita Kuu ya Pili, na hakuna aliyehitaji kuthibitisha kwamba ndoa yake imemdhuru mwanafunzi. Walimu wenyewe, kupitia chama chao cha taifa, NEA, waliandika maadili yao ya kwanza mwaka 1929. Lakini maadili ya chama hayakuwa na meno, na mwenendo mwema ukabaki mfuko mtupu uliosubiri wa kuujaza.

Baada ya vita, New York iliujaza kwa siasa.

*

Mwaka 1949 bunge la jimbo la New York lilipitisha sheria iliyopewa jina la seneta Benjamin Feinberg. Sheria za kuwafukuza walimu kwa maneno ya uchochezi zilikuwepo tangu zamani. Feinberg alileta utaratibu. Bodi ya Regents, chombo kinachosimamia elimu yote ya jimbo, iliagizwa kutengeneza orodha ya vyama vya hatari. Kuwa mwanachama wa chama kilichomo kungetosha kuwa ushahidi wa awali kwamba mtu hafai kufundisha. Mwaka 1953 Chama cha Kikomunisti kiliingizwa kwenye orodha hiyo.

Inafaa tuutazame utaratibu huo kwa karibu, maana ubaya wake ulikuwa kwenye karatasi za kila siku. Kila mwaka wakuu walitakiwa kupeleka ripoti juu ya kila mwalimu, mmoja mmoja, kueleza kama kuna ushahidi kwamba amesema au kutenda jambo la uhaini au uchochezi, ndani ya darasa au nje yake. Fikiria mwalimu wa darasa la tatu. Mkuu wake anayemkagua kwa maandalio ya somo na daftari la mahudhurio sasa anaandika pia kama mwalimu huyo amesema neno lisilofaa kwenye mkutano wa jioni. Mkuu asiyeandika kitu anajiuliza kama kunyamaza kwake kutamponza. Mwalimu anajua kwamba faili lipo, hajui kilichomo. Katika Jiji la New York mamia ya walimu walifukuzwa, walijiuzulu au walistaafu mapema chini ya uchunguzi wa miaka hiyo. Makosa ya darasani hayakuwa sehemu ya mashtaka, na wengi walisifiwa na wazazi kwa kazi yao.

Mwalimu wa hisabati, Irving Adler, na wenzake waliipinga sheria hiyo hadi Mahakama ya Juu, wakashindwa mwaka 1952 kwa majaji 6 dhidi ya 3. Majaji walio wengi walisema hakuna aliyezuiwa kuamini anachotaka, ila hana haki ya kuifanya kazi ya serikali kwa masharti yake mwenyewe. Hoja hiyo inasikika hata leo kwenye ofisi nyingi za elimu, pande zote za bahari.

Kilichoiangusha sheria ya Feinberg kilitoka Buffalo, ukingoni mwa Ziwa Erie. Mwaka 1962 Chuo Kikuu cha Buffalo, kilichokuwa cha binafsi, kiliingizwa katika mfumo wa vyuo vya jimbo. Wahadhiri wake wakawa watumishi wa serikali, na sheria ile iliyowabana walimu wa shule za umma ikawafikia. Wakaletewa hati ya kutia saini: kwamba mtu si Mkomunisti, na kama aliwahi kuwa, amekwishamweleza rais wa mfumo wa vyuo. Walio wengi walitia saini. Kazi ilikuwa nzuri, watoto walikuwa shuleni, na wengi hawakuwa na cha kuficha.

Wanne walikataa: Harry Keyishian, George Hochfield na Ralph Maud, wote wa idara ya Kiingereza, na Newton Garver wa falsafa. Wa tano, mshairi George Starbuck aliyefanya kazi maktabani, alikataa kujibu swali la kiapo lililowekwa kwa watumishi wasio wahadhiri, akaachishwa kazi. Keyishian alikuwa na mkataba wa mwaka mmoja, nao haukuhuishwa. Njia ni ile ile iliyotumika kwa Aline Black huko Norfolk. Garver alikuwa Mquaker, wa dhehebu linalojulikana Kenya magharibi kama Kanisa la Marafiki, ambalo lilifika Kaimosi mwaka 1902 na kuacha shule nyingi. Keyishian yeye alisoma Queens College wakati walimu wa chuo hicho walipokuwa wanafukuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa kukataa kuhojiwa na kamati ya Seneti. Alikuwa mwanafunzi akitazama. Miaka 10 baadaye karatasi ikafika mezani kwake.

Hawakuwa Wakomunisti waliojificha, na hilo ndilo lililoipa kesi yao nguvu. Kutia saini kusingewagharimu chochote. Walikataa kwa sababu waliona mwajiri hana haki ya kuuliza, na kwamba mwalimu anayezoea kujibu maswali ya namna hiyo atazoea pia kujichuja anapofundisha. Wakili wao, Richard Lipsitz wa Buffalo, aliifikisha kesi Mahakama ya Juu baada ya mahakama ya shirikisho ya hapo Buffalo kuwakatalia.

Hukumu ilitoka tarehe 23 Januari 1967, majaji 5 dhidi ya 4, ikaandikwa na Jaji William Brennan. Sheria ilianguka kwa sababu mbili. Ya kwanza, maneno yake hayakuwa na mipaka. Brennan aliuliza kama mwalimu anayetembea barabarani akiwa ameshika nakala ya Ilani ya Kikomunisti atakuwa amechochea uasi; sheria haikuweza kujibu. Mwalimu asiyejua mstari umechorwa wapi atakaa mbali nao kiasi kwamba mambo mengi halali hatayagusa kabisa. Ya pili, uanachama peke yake haumtii mtu hatiani mpaka ithibitike kwamba alikusudia kutenda jambo haramu. Majaji wanne waliopinga waliandika kwa hasira kwamba jimbo limenyang'anywa uwezo wa kulinda shule zake. Nimeisoma hoja yao kwa makini, na sikubaliani nayo. Jimbo lilibaki na uwezo wote wa kumwadhibu mwalimu kwa alilotenda. Lililoondolewa ni uwezo wa kumwadhibu kwa alivyo.

Baada ya hapo majimbo mengine yaliendelea kulinyoosha jambo hilo. Mahakama ya juu ya California ilisema mwaka 1969 kwamba leseni haifutwi kwa tendo la faragha lisilohusiana na uwezo wa mtu kufundisha. Kentucky iliamua mwaka 1986 katika shauri la kaunti ya Hopkins, ambapo walimu wawili ndugu walivuta bangi na wanafunzi nyumbani kwao baada ya saa za kazi. Mahakama ilikubali wafukuzwe, kwa sababu walioathirika walikuwa wanafunzi. Kipimo kikawa wazi zaidi: kuna uhusiano gani kati ya tendo na kazi ya mwalimu?

*

Columbus, mji mkuu wa Ohio, iliingia katika historia hii kwa mlango wa mwanafunzi. Februari na Machi 1971 shule za mji huo zilikumbwa na vurugu za mivutano ya rangi. Katika ukumbi wa chakula wa Central High meza zilipinduliwa, na mwanafunzi Dwight Lopez akasimamishwa masomo pamoja na wengine 75 siku hiyo. Lopez alisema hakushiriki. Hakuna aliyemuuliza. Sheria ya Ohio ilimruhusu mkuu wa shule kumsimamisha mtoto hadi siku 10 bila kumsikiliza, mradi wazazi waarifiwe ndani ya saa 24.

Tarehe 22 Januari 1975 Mahakama ya Juu, tena kwa majaji 5 dhidi ya 4, iliamua kesi inayoitwa Goss dhidi ya Lopez: mtoto aelezwe anashtakiwa nini, aelezwe ushahidi uliopo kama anakana, apewe nafasi ya kusema upande wake. Dakika chache tu, hata ofisini kwa mkuu, zingetosha. Katika hukumu zote ninazozitaja hapa, hii ndiyo ninayotamani ibandikwe kwenye kila ofisi ya mwalimu wa nidhamu, kuanzia Tanga hadi Bukavu. Kabla yake maadili ya mwalimu yalihesabiwa kwa utii wake kwa walio juu. Tangu hapo sheria ilidai pia namna anavyomtendea aliye chini yake.

Lakini Ohio hiyohiyo iliyofundishwa kumsikiliza mtoto ilikuja kumwacha mtoto nje ya mlango kwa njia nyingine. Oktoba 2007 gazeti la Columbus Dispatch lilichapisha mfululizo wa makala juu ya walimu na watumishi wa shule waliotiwa nidhamu na jimbo. Waandishi walihesabu 1,722 tangu mwaka 2000, kwa makosa kuanzia wizi wa dukani hadi mauaji, na katikati yake makosa mengi dhidi ya wanafunzi. Kilichowatikisa wasomaji zaidi ya idadi ni usiri. Mashauri yalichunguzwa faraghani, mengi yakamalizwa kwa makubaliano ambayo mzazi hakuweza kuyaona, na wako waliorudi madarasani. Wilaya iliyotaka kuepuka kesi ilimwacha mwalimu ajiuzulu kimyakimya, naye akaomba kazi wilaya ya jirani akiwa na leseni safi.

Hapa ndipo historia ya Buffalo inapodai kusomwa kwa uangalifu. Chama cha walimu kinachomtetea mwanachama kina haki ya kudai ushahidi na kikao cha haki. Walimu walilipia haki hiyo kwa kazi zao miaka ya Feinberg. Haki ya kusikilizwa, hata hivyo, haikuwa kamwe haki ya kufichwa. Mwaka 1953 mwalimu wa New York aliandikwa kwenye faili asilolijua. Mwaka 2003 mzazi wa Ohio ndiye aliyekuwa na faili asilolijua, juu ya mtu anayeshinda na mwanawe.

Bunge la Ohio lilichukua hatua kwa haraka isiyo ya kawaida. Kabla ya mwaka 2007 kwisha lilikuwa limepitisha sheria ya kukaza ukaguzi wa rekodi za uhalifu na wajibu wa kutoa taarifa, na nyingine ikafuata 2008. Machi 2008 bodi ya elimu ya jimbo ikapitisha kanuni za maadili ya leseni, zilizokuwa na misingi 8 wakati huo. Humo mna uhusiano sahihi na wanafunzi, kutunza siri zao, kutotumia ulevi na dawa za kulevya, kutojinufaisha na cheo, kuheshimu mkataba. Adhabu zinaanzia barua ya onyo hadi kufutiwa leseni. Mmoja wa misingi hiyo pengine ulipitwa haraka na waliousoma, kwa kuwa unaonekana wa kiofisi: kutoa taarifa sahihi.

Miaka 4 baadaye ikajulikana kwamba msingi huo ndio uliovunjwa, na ulivunjwa Columbus.

Chini ya sheria ya elimu ya shirikisho ya wakati ule, kila shule ilipewa ripoti kwa alama za mitihani ya wanafunzi wake. Mtoto alihesabiwa katika ripoti ya shule kama alikuwa ameandikishwa humo mfululizo tangu mwanzo wa mwaka. Pengo likitokea, alama zake hazikuhesabiwa kwa shule hiyo. Basi katika shule kadhaa za Columbus watu wenye mamlaka ya kuingia kwenye kompyuta walitafuta watoto watoro au wenye alama duni, wakaandika kwamba mtoto ameondoka shuleni, kisha siku chache baadaye wakaandika kwamba amerudi. Mtoto hakuwa amekwenda popote. Huenda alikuwa amekaa kiti chake siku yote ya "kuondoka" kwake. Alama zake zikatoweka, na shule ikapendeza. Ukaguzi uligundua pia maksi zilizobadilishwa.

Dispatch lilifichua jambo hilo mwaka 2012. Ripoti ya mkaguzi mkuu wa jimbo, Dave Yost, juu ya Columbus ilitoka Januari 2014. Wakuu wa shule walipoteza kazi, wengine leseni zao zikachukuliwa hatua, na viongozi wa juu wa wilaya wakafikishwa mahakamani. Novemba 2013 wananchi walikuwa wameshatoa hukumu yao kwenye kura: waliikataa kwa wingi mkubwa nyongeza ya kodi ambayo shule ziliomba.

Hakuna mtoto aliyepigwa katika kashfa hiyo. Hakuna aliyeguswa. Ndiyo maana wapo walioiona ni mchezo wa takwimu tu. Mtoto mtoro aliyefutwa kwenye hesabu ndiye hasa aliyehitaji mtu wa kumfuata nyumbani kuuliza kuna nini, na kufutwa kwake kuliondoa sababu ya kumfuata. Kwa kipimo cha uhusiano kati ya tendo na kazi, siuoni uvunjaji mwingi wa maadili unaouzidi huo.

*

Louisville leo ina chombo chake cha jimbo, Education Professional Standards Board, kilichozaliwa katika mageuzi ya elimu ya Kentucky ya mwaka 1990, na walimu wenyewe ndio wengi ndani yake. Mkuu wa elimu wa wilaya anapokutana na kosa linalogusa leseni, anatakiwa kulifikisha huko ndani ya siku 30, hata kama mwalimu ameshajiuzulu. Siku hizo 30 ni jibu la moja kwa moja kwa tabia ya kumwachia jirani tatizo lako.

Tabia hiyo tunaijua. Kenya, Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) ililazimika kutoa waraka namba 3 wa mwaka 2010 juu ya kuwalinda wanafunzi dhidi ya unyanyasaji wa kingono, ukiwabana pia wanaojua na kunyamaza. Tanzania ilianzisha Tume ya Utumishi wa Walimu kwa sheria ya 2015, na mwaka 2018 ikatunga sheria ya Bodi ya Kitaalam ya Walimu, ambayo inaleta usajili na leseni. Walimu wengi wa Tanzania wameipokea leseni kwa wasiwasi: kwamba ni ada nyingine, ni mtihani mwingine juu ya mtihani, ni rungu jingine mkononi mwa ofisa. Wasiwasi huo si wa bure. Waliotajwa hapo juu, kuanzia Louisville hadi Buffalo, walipigwa rungu hilo. Ndiyo sababu watunga kanuni waandike kwa maneno yenye mipaka ni tendo lipi linafuta leseni, nani anasikiliza, kwa muda gani, na uamuzi unachapishwa wapi.

Na kwa wazazi wanaozungumza Kiswahili walioko katika miji hii mitatu, ambao wengi wao wametoka Kongo wakapitia Nyarugusu au kambi nyingine kabla ya kufika Louisville, Columbus au Buffalo: majimbo yote matatu yana ukurasa wa intaneti ambako unaandika jina la mwalimu ukaona kama leseni yake iko hai. Haulipiwi. Mtoto akisimamishwa masomo, muulizeni mkuu wa shule kama alimsikiliza kabla ya kumrudisha nyumbani, na ombeni mkalimani, kwa kuwa shule ya umma inayopokea fedha za serikali ya shirikisho ina wajibu wa kuwasiliana nanyi kwa lugha mnayoielewa. Mkiambiwa mwalimu fulani "amehama", ulizeni amehamia wapi, na kwa sababu gani.